Alama ya Pweza kwenye Mkono wa Bi Sichana

Dirisha la Bi Sichana likifungwa mchana, sisi tunaokaa chini tulijua kichwa kimempanda. Madirisha ya Malindi, hapa Unguja mjini, hufungwa kwa jua kali au kwa mvua ya upande, lakini lile lilifungwa hata siku ya mawingu, na likishafungwa lilikaa hivyo mpaka kesho yake, mara nyengine mpaka kesho kutwa. Mama yangu, Bi Shemsa, ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Hakugonga mlango kwa konde, kwa kuwa mlio ule ulimtia mgonjwa kichefuchefu. Aliukwaruza kwa ukucha kama paka, kisha akatega sikio. Ikisikika "naam" ndogo kutoka gizani, mama aliweka bakuli kizingitini akashuka. Isiposikika, alikaa palepale kwenye ngazi mpaka isikike.

Nyumba yenyewe ina ghorofa tatu, na zamani ilikuwa ya tajiri mmoja na jamaa zake. Wao waliondoka mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, mimi nikiwa bado sijaanza skuli. Vyumba vikagawiwa watu. Sisi tulipata chini, ghorofa ya kati sasa anakaa Machano fundi seremala na mkewe, na juu kabisa, katika chumba kilichokuwa cha kuwekea majamvi na masufuria ya arusi, yuko Bi Sichana binti Jaku, peke yake. Yeye hakugawiwa na mtu. Alikuwamo tangu mwanzo, kwa sababu ndugu yake aitwaye Mmanga alikuwa mpishi wa wenye nyumba, na dada alipofiwa na mume, Mmanga alimwombea chumba kile akae. Wenye nyumba walipohama, Mmanga alihama nao. Alimwambia dada yake angoje kidogo, akishatulia huko aendako atampelekea habari.

"Mmanga hajatulia bado," Bi Sichana hujibu akiulizwa. Ni miaka saba sasa.

Kazi yake ni kushona kofia za viua, zile nyeupe ambazo wanaume huvaa Ijumaa na siku ya Idi. Kitambaa huchorwa kwanza kwa penseli, maua na duara na mistari ya meno meno, halafu kila tundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka lisimame kama ukucha. Kofia moja ina matundu yasiyo na hesabu, na ukikosea moja linaonekana kuliko yote mengine. Anakaa karibu na dirisha kwa sababu ya mwanga, mguu mmoja ameukunja, mwengine ameunyoosha, na kutwa nzima hasemi na mtu ila sindano.

Kipandauso chake kilianza alipovunja ungo. Nilimuuliza kinakujaje, akanieleza vizuri kuliko nilivyotaraji. Kwanza huja mwanga pembeni mwa jicho, mstari unaowaka, wa meno meno, unakwenda ukitanuka. Anasema ni kama mtu yumo ndani ya jicho anamshonea kofia kwa uzi wa moto. Mstari ukishafika ukingoni hupotea, naye hupata muda mdogo tu wa kufunga dirisha na kulala chini, kisha nusu ya kichwa inaanza. Alishapigwa chuku. Alishakunywa kombe la aya. Alishapakwa karafuu zilizosagwa kwa siki mpaka ngozi ya paji la uso ikabambuka. Kichwa kiliendelea kuja na kuondoka kwa wakati wake chenyewe, kama mgeni mwenye ufunguo.

Kichwa alikizoea. Kitu alichokuwa hakizoei, na hili mama aliligundua kabla yangu, ni kukaa bila ya watu wake. Alizaliwa Bwejuu, akaletwa mjini mwari, na huko shamba waliomlea walikufa mmoja mmoja. Hana mtoto. Akianza kuhadithia, basi mazungumzo yote yalirudi kwenye jambo moja, nalo ni pweza.

Watu wa upande wa mama yake hawali pweza. Bwejuu nzima wanawake hushuka kwenye miamba maji yakitoka, wakarudi na pweza wakawapiga na kuwaanika, na ukoo ule mmoja tu hawamgusi. Ni mzio wao. Asili yake, alivyoeleza, bibi wa bibi yao alimweka mtoto juu ya mwamba akenda kuchokoa pweza, maji yakajaa kwa ghafla. Alipokuja kumfikia, mawimbi yalikwisha kupanda juu ya mwamba lakini mtoto yupo, mguu wake umekamatwa na pweza kutoka kwenye tundu, hakumwachia. Tangu hapo wakasema hatumli. Na anayemla, mwili wake humsema: hutoka uvimbe wa duara, duara nyekundu zilizoinuka, sawasawa na vile vikombe vilivyopangwa kwenye minyiri, ile mikono mirefu ya pweza.

Yeye na Mmanga walijaribu utotoni. Waliiba kipande kwenye jungu la jirani wakenda kula nyuma ya choo. Haukupita muda wakawa wanajikuna kama tumbili, midomo imevimba, duara zimewajaa mgongoni. Wakajua leo watakula fimbo. Lakini mama yao, Biasha, aliwageuza migongo, akatazama, akaanza kucheka. Akawaita majirani. "Njooni muwatazame," akawaambia, "na mtu asinambie tena hawa hawakufanana na mimi."

Hadithi hii Bi Sichana aliitoa mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye kicheko cha mama yake, aliweka sindano chini.

Mwaka jana, baada ya kichwa kumlaza hata akashindwa kuitika ile "naam", mama alimlazimisha kwenda hospitali. Nilifuatana nao. Daktari alikuwa mgeni, Mjerumani, na maneno yake yalifasiriwa na Bwana Simai, mtoa dawa, mtu mwenye mzaha ambaye hufasiri na kuongeza chumvi yake. Walimuuliza mengi. Mwisho akapewa vidonge vidogo vyeupe, awe anakunywa kila siku, kichwa kiwepo kisiwepo. Simai akamwambia, kwa niaba ya daktari, kwamba vitamtia usingizi na njaa. Bi Sichana akasema usingizi sawa, lakini njaa angeomba apewe na mchele wake, maana mchele mwaka ule ulikuwa wa foleni. Simai akacheka, sina hakika kama lile alilifasiri.

Vidonge vile vilifanya kazi kweli. Mwezi ukapita, dirisha liko wazi. Wa pili ukaingia. Bi Sichana alinenepa mashavu, akawa analala mchana sindano imo mkononi, na mke wa Machano, ambaye ndio kwanza amehamia, akawa anamtania kwa kumwita bi arusi. Alishona kofia nyingi kuliko zamani. Ungemwona, ungesema huyu kapona, hadithi imekwisha.

Kisha ukaingia Ramadhani. Mnajua desturi yetu: ikikaribia magharibi, ngazi za nyumba zinajaa mabakuli yaliyofunikwa. Huku unapeleka, kule unaletewa, na mtu aliye peke yake huletewa zaidi kuliko anavyoweza kula. Mke wa Machano alipika muhogo wa nazi akampelekea jirani wa juu. Alikuwa hajui lolote la mzio. Ndani ya muhogo alikuwa ametia pweza mkavu, amemkatakata vipande vidogo. Bi Sichana alifuturu kwa mwanga wa kibatari, kwa ile njaa ya vidonge, na bakuli lilikwisha kabla hajajua. Kipande cha mwisho ndicho alichokisogeza kwenye taa. Kilikuwa na vikombe vitatu vimepangwa.

Alishuka kwetu, akakaa mkao wa mtu anayengoja kuanguka. Mama alitafuta mafuta ya nazi, akatia maji kwenye beseni, mimi nikaambiwa nikamwite mke wa Machano, ambaye alikuja analia anaomba radhi. Tukamzunguka. Tukamtazama shingo, mikono, midomo. Watu wakaenda tarawehe wakarudi. Hakikutoka kitu, hata kipele cha mbu.

Mama akafurahi. Alisema kumbe mzio umemtoka, alhamdulillahi, sasa ale anavyotaka kama watu wote. Mke wa Machano akafuta machozi akasema yeye tangu mwanzo anajua chakula chake hakina balaa. Bi Sichana hakucheka. Alikuwa amekunja mkono wa kanzu mpaka begani, anautazama mkono wake mtupu, anaugeuza huku na huku.

"Wameniacha," akasema.

"Nani?" mama akamuuliza.

"Wenyewe. Mama, na wa kabla ya mama. Nlikuwa nimebakiwa na hilo tu, Shemsa. Mmanga akija leo, kitu gani kitamwambia kuwa huyu ni dada yake?"

Mama akamteremsha mkono wa kanzu. Alimwambia watu hawaachani hivyo, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetuliza mtoto, na Bi Sichana akapanda ngazi.

Baada ya Idi, skuli ilipofungwa, alitaka kwenda Bwejuu kuuliza. Mimi nikapewa ruhusa nimsindikize. Aliyebaki kule wa ukoo wao ni mmoja, Bi Mwanakhamis, mama yake mdogo, mzee ambaye macho yake yamefunga utando na amejikunja kama kamba aliyepikwa. Tulimkuta barazani anasokota usumba wa makumbi ya nazi. Bi Sichana akampa shikamoo, akajitaja jina, na mzee akaitika marahaba ya mtu anayengoja aambiwe zaidi. Ilikuwa miaka mingi sana hajafika. Hapo Bi Sichana akafanya kosa ambalo labda lisingekuwa kosa mahali pengine popote: alianza na habari ya pweza. Alihadithia yote, bakuli, kibatari, mkono mtupu, kisha akauliza maana yake nini.

Bi Mwanakhamis aliacha kusokota. Alizungumza kwa kikwao, taratibu, na mimi yalinipita mengine, lakini ya mwisho niliyafahamu.

"Sauti yako siijui," alisema. "Macho sina. Mtoto wa Biasha akila pweza huvimba. Wewe umekula hukuvimba. Sasa nikuite mtoto wa Biasha kwa lipi?"

Bi Sichana akamtajia mti uliokuwa uani, jina la mbuzi wao, siku alozikwa mama yake. Mzee akajibu kuwa hayo hata mpita njia anaweza kuyasikia. Hakuwa mkali. Alitupa madafu, akatuuliza tumekula. Bi Sichana akajikaza akauliza jambo lililokuwa moyoni mwake siku zote, na ndipo na mimi nikajua: alitaka wakati wake ukifika azikwe pale, pembeni ya Biasha. Bi Mwanakhamis akasema, "Pale pana wenyewe," akarudi kwenye usumba wake.

Njia nzima ya kurudi Bi Sichana alikaa amejifunika kanga usoni. Nilidhani kichwa. Hakikuwa kichwa.

Kesho yake nilifuatana naye hospitali, akatoa vidonge vyake akaviweka mezani mbele ya Simai. Alisema anavirudisha, kwa sababu tangu aanze kuvinywa amepata afya na amepoteza watu, na biashara hiyo hana haja nayo. Simai alimwambia kwa mzaha kuwa wenziwe wanalilia dawa, yeye anazitapika. Lakini alipoisikia habari ya pweza mzaha ukamwisha. Akamwita daktari.

Nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu, na pengine nimefahamu nusu. Daktari alisema mwilini mwetu mna matarishi, vitu vidogo vinavyobeba habari kutoka mahali kwenda mahali. Mmoja anaitwa serotonini. Yeye, pamoja na kazi zake nyengine, huiambia mishipa ya kichwa kaza au legea, na wengi wanadhani mkono wake umo katika kipandauso. Yuko na mwenziwe anaitwa histamini, naye ndiye anayepiga mbiu askari wa mwili wanapokutana na kitu wasichokitaka. Mbiu ikilia, ngozi huvimba na kuwasha. Kidonge kile hakiwaui matarishi. Kinakwenda kukalia viti vyao. Tarishi anafika na habari yake, anakuta kiti kina mtu, anazunguka mpaka anachoka. Na kwa bahati kidonge kinakalia viti vya wote wawili. Kwa hiyo kichwa kimetulia, na ngozi imetulia pia.

"Kwa hivyo mzio haukunitoka," Bi Sichana akasema polepole.

"Umo," Simai akajibu. "Umezibwa mdomo tu."

Nikauliza mimi: na wale askari wenyewe, ikiwa habari haifiki, wanakaa bure au wanafanya jambo jengine kimyakimya? Daktari alinitazama akatabasamu, akasema neno refu. Simai akafasiri kwamba hilo watu bado wanalitafuta, na nikikua nikalitafute mimi.

Kisha wakamtisha kidogo, kwa haki. Mzio kama ule mara nyengine hufunga koo, na mtu akafa. Pweza asimtie kinywani tena, akiwa na vidonge au bila ya vidonge. Lakini Bi Sichana hakutaka kula. Alitaka kuona. Aliuliza hivyo mara kadhaa, nitaonaje, nitajuaje kama bado umo, mpaka daktari akasema ipo njia: aache vidonge siku kadhaa mpaka viti viwe wazi, kisha arudi, na wao watatia tone la maji ya pweza juu ya mkono na kuchoma ngozi kidogo kwa sindano. Ikiwa mzio upo, patainuka. Daktari alimkumbusha kuwa akiacha vidonge kichwa kitarudi.

"Kirudi," Bi Sichana akasema. "Sisi tunajuana."

Kikarudi. Dirisha likafungwa, mama akarudi kwenye kukwaruza mlango kwa ukucha. Safari hii kilikuwa kibaya zaidi, kana kwamba kilikuwa nje mlangoni siku zote kinangoja. Siku tuliyomrudisha hospitali alitembea amefumba macho, mkono wake juu ya bega langu. Simai alimpiga sindano juu ya tone, wala damu haikutoka. Tukakaa. Mahali pale pakaanza kuwa pekundu, kisha katikati pakainuka, pakatanuka, mpaka kikawa kiduara kizima, cheupe katikati na chekundu pembeni, kama kikombe kimoja cha pweza kilichobandikwa.

Bi Sichana alifumbua macho yote mawili, na mwanga wa chumba kile ulikuwa unamuumiza. Akauliza kama kitakaa. Simai akamtoa hofu, akasema kitaondoka sasa hivi. Yeye akanyanyuka hapohapo akataka kwenda nyumbani.

Nilikuwa sijamwona akienda mbio. Alikunja kanzu mpaka kwenye kiwiko, akashika mkono mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai. Alitaka Shemsa akione. Njiani alimwonesha muuza machungwa, ambaye alitazama akasema, "Mbu hao, bibi, choma udi." Tulipofika Malindi mama alikuwa sokoni. Tukamngoja kwenye ngazi. Mama alipotokea na kikapu chake Bi Sichana alinyoosha mkono, na wote watatu tukatazama. Palikuwa na tundu la sindano tu.

"Kilikuwepo," nikasema mimi.

"Nnakuamini," mama akajibu, lakini aliyekuwa akitaka kuaminiwa alikwisha kupanda juu.

Hakuvirudia vidonge. Tulidhani amesusa. Siku ya pili yake, alfajiri, alinigongea mlango, uso umemwiva kwa maumivu, akamwomba mama aniazime tena mpaka Bwejuu. Ndani ya gari ya shamba alijifunga kitambaa cha siki kichwani, na kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia meno yake. Alikuwa na kikasha cha sindano zake za kofia mapajani.

Bi Mwanakhamis alikuwa palepale na usumba wake. Safari hii Bi Sichana hakuhadithia. Alimpa shikamoo, akanituma kwa jirani aliyekuwa anachemsha pweza nikaombe supu kidogo kwenye kifuu. Alipitisha sindano kwenye moto. Akatia tone mkononi mwake, akachoma juu yake kama alivyomwona Simai akifanya, akapangusa. Baadaye Simai alimgombeza sana kwa jambo hili, akamwambia kuwa amecheza na roho yake, na mimi nasema hivyo hapa ili asiige mtu. Kisha Bi Sichana akachukua mkono wa mzee, akaufungua vidole, akauweka juu ya wake.

"Mama mdogo, ngoja hapo," akamwambia.

Mzee akangoja. Pengine aliona ni adabu kumngoja mgeni. Uani kuku walikuwa wanaparura. Mara kidole chake kimoja kikasogea. Kikarudi. Kikaanza kuzunguka, taratibu, kikifuata ukingo, kikazunguka tena.

"Kinakua," akasema.

"Naam."

Alipapasa mpaka akaridhika, kisha akainua mkono ule akampapasa Bi Sichana shingoni, chini ya sikio, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mama yako kilimtoka hapa. Siku ya arusi yangu, alikula mchuzi asiujue. Nikamfunika kwa ukaya wangu wa kichwani." Akauteremsha mkono. "Sichana. Na yule mwenzako, Mmanga, yuko wapi?"

"Hajatulia bado," akasema Bi Sichana, na hapo ndipo alipolia, kichwa amekiinamisha kwenye magoti ya mzee, kitambaa cha siki kimemvuka.

Tulilala huko. Asubuhi Bi Mwanakhamis alitupeleka makaburini, fimbo mkono mmoja, Bi Sichana mkono wa pili. Kwa Biasha akapima kwa fimbo upande mmoja wa kaburi. Alisema nafasi ile alijiwekea mwenyewe. "Lakini mimi mwembamba," akasema. "Tutabanana."

Aliporudi mjini Bi Sichana alivinywa tena vidonge, na dirisha likafunguka. Akafanya utaratibu wake ambao Simai hakuujua mpaka juzi. Kila alipotaka kwenda kumwamkia Bi Mwanakhamis, aliviacha kwanza, kwa sababu mzee alipenda kukipapasa kile kiduara, na alikuwa akisema akikigusa ndipo anapojua nani amekuja. Basi sisi wa chini, tukiona dirisha limefungwa, tulijua sasa kuwa ni safari ya Bwejuu. Mama aliwahi kumwambia hiyo ni nauli ghali. Yeye akasema nauli za kwenda kwa jamaa wengine ni ghali zaidi.

Masika ya mwaka huu Bi Mwanakhamis alifariki. Habari ilifika amekwisha kuzikwa, kwa kuwa njia ilikatika kwa maji. Hawakumzika katika ile nafasi ya pembeni ya Biasha. Alikuwa ameusia, wakamlaza mbele yake kidogo, na pale katikati pakaachiwa Bi Sichana.

Tukadhani dirisha halitafungwa tena. Kwa nini lifungwe? Vidonge vipo, na kule hakuna wa kumpapasa. Wiki iliyopita, siku ya jua zuri, nilirudi skuli nikaliona limefungwa. Mama akapika uji, akapanda, nami nikamfuata. Alikwaruza mlango. Ikaja "naam", na baada yake, jambo ambalo halijawahi kutokea, ikaja "ingieni".

Ndani hakukuonekana kitu. Harufu ilikuwa ya siki na ya kibatari kilichozimwa karibuni. Mama akamuuliza kwa kunong'ona kama anakwenda Bwejuu.

"Nende kwa nani?" akasema. "Nlitaka kujua tu kama kipo bado. Nimejichoma, lakini macho siwezi kuyafumbua, Shemsa. Nitazamie."

Mama akataka kufungua dirisha, akaambiwa la. Basi akapiga magoti kwenye mkeka, akautafuta mkono gizani, akaupata. Nilisikia bangili za mama zikisogea, zikasimama, zikasogea tena kwa kuzunguka.

"Kipo," mama akamwambia. Mkono hakuuachia.